Jina Lililotokea Kwenye Simu

Kijana yule wa kusajili laini za simu alikuwa na mwavuli, fulana mpya na adabu nyingi. Adabu ndiyo iliyonimaliza. Tulikuwa tumetoka shifti kwenye kiwanda cha nguo hapa Thika, nami nilitaka kurudisha laini yangu iliyopotea pamoja na simu.

"Mathe, weka kidole. Aii, network imekataa. Weka tena."

Nikaweka tena, na tena. Akapiga picha kitambulisho changu. Kisha akaniuliza watu ninaowapigia sana, ati ndio mtambo ujue laini ni yangu. Nikamtajia Akoth wa kwanza, namba yake naijua kwa kichwa, tena nikaitaja kwa maringo. Laini itarudi kesho, akaniambia.

Baadaye polisi walinieleza kwamba kila kidole cha ziada kilisajili laini nyingine kwa jina langu. Mjinga mimi, nilimshukuru hata.

Akoth anauza mitumba Ruiru. Tulianza kazi pamoja kiwandani, tukalea watoto wetu kwa sufuria moja. Na si mtu wa kudanganywa ovyo. Jioni hiyo alipata ujumbe kwamba nimelazwa, nisaidiwe upesi kwa namba hii mpya. Akanipigia kwa ile ya zamani, hakunipata. Basi akafanya vile tunavyohubiriwa kila siku: akaangalia jina linalotokea kwenye simu kabla ya kutuma pesa. Likatokea langu, kamili, mpaka la baba. Akatuma karo ya chuo ya mwanawe, Calvince.

Habari iliponifikia nilienda kwake, naye akanisukumia simu usoni.

"Mama Junaid, hili ni jina la nani?"

"Ni langu, Mama Calvince, lakini si mimi. Nimeripoti hata polisi."

"Polisi watalipa karo? Ingekuwa jina la mtu mwingine, singetuma hata bob."

Niliapa. Nikaeleza habari ya vidole mpaka koo likakauka. Alisikiliza huku akikunja mablauzi, na sikujua kama ananiamini. Hilo liliniuma kuliko wizi wenyewe.

Jumamosi nikambebea cherehani yangu, ile ninayoshonea majirani nikitoka kazini, iwe fidia ya ile karo. Niseme ukweli, sikuipeleka ichukuliwe. Niliipeleka ikataliwe. Nilitaka aniambie, "Wacha ujinga, rudi nayo nyumbani, wewe huwezi kuniibia." Njia nzima nilijiona tukilia, kisha tukicheka, kisha akiinjika chai.

Akoth alifungua mlango, akaitazama cherehani, akalizungusha gurudumu lake aone kama linaenda.

"Weka hapo kando ya kitanda," akasema.

Nikaiweka. Nikasimama, nikingoja neno jingine.

"Sindano zake ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikazitoa, nikampa.