Nyumba Mbili, Ramani Moja

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mawingu mazito yakiwa yameukalia mtaa wa Tuwan bila kutoa tone, ncha ya msumari ilichomoza ukutani juu ya kitanda cha Gladwell, mama mkwe wa Wakonyo. Wakonyo aliitazama, akaitundikia taulo. Kule Bumula, Makokha, rafiki wa mumewe, alikuwa amepigilia msumari huo na kutundika kalenda.

Nyumba zote mbili zilitokana na ramani moja. Makokha alimlipa mchoraji, Chelangat, shilingi elfu sitini. Mbugua, mumewe Wakonyo, aliiazima ramani hiyo kwa siku moja, ati aione tu, akatoa nakala mjini Kitale kwa shilingi mia tatu na kulifuta jina la mwenyewe kwa wino mweupe. Tangu akina Mbugua wahamie, masizi ya jiko la Makokha yaliipaka dari yao, na kila Jumapili sakafu yao ilijaa matope ya wageni wa Bumula. Wakonyo alipiga deki. Mbugua alisema kupiga deki hakugharimu kitu.

Saa mbili simu ya Mbugua ililia.

"Baba Ngige, Jumamosi saa nne nabomoa ule ukuta wa chumba kidogo," alisema Makokha. "Wakwe wanaleta mahari, na sebule si unajua ni ndogo, bana."

"Subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Ukuta ni wangu."

Chumba kidogo kilikuwa cha Gladwell. Aliuza ng'ombe wake wawili, pesa akampa Mbugua, ili apate mahali pa kufunga mlango na kulaza miguu yake mibovu. Hakuwa na kingine.

Ijumaa Wakonyo alimfuata mumewe hadi ofisini kwa Chelangat.

"Nikiwachorea ramani yenu, nyumba itakuwa yenu," alisema Chelangat. "Elfu sitini."

"Nyumba imeshasimama," alijibu Mbugua. "Nilipie karatasi ya nini?"

"Kama ni karatasi tu, mbona hukuchora mwenyewe, mzee?"

Wakonyo alifungua mkoba. Ndani zilikuwamo pesa za maziwa ya mwaka mmoja na nusu, zimefungwa kwa uzi. Mbugua aliuwekea mkoba kiganja.

"Rudisha, Mama Ngige. Kwangu hatununui kitu mara mbili."

"Hata mara moja hukununua," alisema Chelangat, akaendelea kuchonga penseli.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mbugua alivaa tai, akambeba mama yake pamoja na blanketi hadi kwenye kochi.

"Mwanangu, hiki chumba si ulikilipia?" aliuliza Gladwell.

Mbugua alimfunika miguu.

Saa nne kamili tofali la kwanza liliangukia kitanda. Mengine yalifuata, kukiwa na vituo vifupi fundi wa Bumula alipopumzika. Kufikia adhuhuri pakawa na sebule moja kubwa. Alasiri nyayo za wakwe wa Makokha zilijaa sakafuni, zikipita pande zote mbili za kochi, na Gladwell akajifunika uso kwa blanketi. Wakonyo alichukua ndoo na kitambaa.

Mbugua alitenga matofali mazima. Yangetosha banda la kuku, bila gharama. Kisha akapangusa vumbi kwenye miwani na kusoma ujumbe wa Chelangat: "Poleni. Bado nawadai elfu sitini."

Aliandika jibu polepole, akaweka nukta mahali pake: "Sidaiwi."