Jina la Baba Mkwe

Janepher alinyimwa viza kwa sababu ya adabu. Nalisema mwanzoni kabisa ili mtu asije akanitafutia sababu nyingine. Alikuwa na cheti cha ndoa ya kanisani, picha za harusi, barua za mumewe na pasipoti mpya. Kila walichokitaka pale ubalozini Kampala alikipeleka, kisha akaulizwa swali moja dogo, akanyamaza. Ubalozi wenyewe ulikuwa wa nchi gani siitaji. Kila mtu ana jina lake analoliogopa.

Mimi ni Akello. Mwaka ule wa 1995 nilikuwa askari magereza Jinja, upande wa wanawake, na nilipanga chumba Mafubira, ukuta mmoja na Janepher. Yeye alikuwa Msoga wa Buwenge, fundi wa nguo mwenye mkono mwepesi. Mumewe Conrad Wanyama, Mgisu wa Mbale, alikuwa ametangulia Ulaya kutunza wazee kwenye nyumba zao za wazee, na mpango ulikuwa mke amfuate. Janepher alikwisha kuuza cherehani. Jioni tulikaa mlangoni akiniuliza kama ni kweli kule nguo hukauka ndani ya nyumba.

Siku ya mahojiano nilimsindikiza. Nilimngoja nje ya geti, akatoka mapema mno, midomo imemkauka.

"Wameuliza nini?"

"Wameuliza baba ya Conrad anaitwa nani."

"Si ungesema tu Geresom Gidudu?"

Akaziba masikio. Nasema kweli, aliziba masikio yake kwa viganja viwili, pale kando ya barabara, watu wakimtazama.

Kwao Busoga, na kwa Wagisu vilevile, mke aliyelelewa vizuri hataji jina la baba mkwe. Hamwangalii usoni, hampi mkono, hali naye, na akisema naye hupitisha maneno kwa mtu wa tatu. Akilitaja jina lake ni kama amemvua nguo mbele za watu. Wasichana wengi wa siku zile walikuwa wameanza kuyapuuza haya, lakini Janepher alilelewa na bibi yake Buwenge, na bibi huyo hakuwa mtu wa mchezo. Hata mdudu Janepher alikuwa hasemi mdudu, kwa kuwa neno lile lilikaribia mno jina la mzee, Gidudu. Mende akiingia chumbani mwake alinigongea ukuta: "Dada Akello, kuja, kitu ile iko hapa."

Basi mbele ya dirisha la ubalozi aliomba kalamu aandike lile jina. Akaambiwa ajibu kwa mdomo. Akaionyesha fomu, jina limo, alikwisha kuliandika Conrad. Ofisa akaona mwanamke anayetaka kusoma jibu kwenye karatasi. Wakampa barua: hamjui baba wa mumewe, kwa hiyo ndoa haionekani kuwa ya kweli. Ana haki ya kukata rufaa.

Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Nikamwambia Janepher kwamba mila ni nguo, ikikubana unaichana. Alinijibu taratibu kwamba mimi ni Mlango, sielewi. Alitaka kusema Mlangi, mtu wa Lango kule kaskazini, ulimi ukateleza, alikuwa analia.

Tukaenda Mbale kwa wakili Nasif, ofisi yake juu ya duka la vitenge. Akaisoma ile barua, akavua miwani.

"Njia zipo," akasema. "Mume anaweza kurudi, mkae hapa."

"Harudi," nikasema. Conrad alikwisha kutamka hivyo kwenye simu.

"Basi aombe upya. Lakini swali litakuwa lilelile, na safari hii atalijibu." Janepher akatazama sakafu. "Iko na ya vichochoroni, kupita nchi jirani na pasipoti ya mtu. Hiyo sikushauri, mama. Wakikushika, huko hutakanyaga maisha yako yote. Inabaki rufaa. Rufaa inasikilizwa hukohuko kwao na inaweza kulala mwaka. Ila faili linapita kwanza kwa mkubwa wa ubalozi hapa, naye akiridhika anaweza kuligeuza neno mwenyewe. Tutamwambia ukweli, kwamba jina analijua, mila imemfunga mdomo. Na shahidi wa hilo ni mmoja tu, mwenye jina."

Kisha akakumbuka jambo. "Au mzee amfungue. Anachinja kuku, mkwe anakula, mdomo unafunguka. Babu yangu alimfungulia mama yangu alipokwenda kuandikisha safari ya hija. Ni kuku tu."

"Mimi siwezi kuomba hiyo," Janepher akasema. "Hiyo inatoka kwake."

Nikasema mimi nitaomba.

Geresom Gidudu aliishi chini ya mlima Nkokonjeru, nyumba ya mabati yenye ua uliofagiliwa kama uwanja wa paredi. Alikuwa sajini wa magereza aliyestaafu, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri. Ndani, mkewe alikuwa amelala, kapooza upande mmoja tangu mwaka uliopita. Binti zao walikuwa wameolewa mbali. Tangu anyimwe viza, Janepher alikuwa akija kila wiki kumwogesha mama mkwe, kumgeuza, kumlisha uji kwa kijiko. Aliyafanya haya kwa moyo mweupe. Mzee alikaa kivulini na redio yake, akaonja jinsi nyumba inavyokuwa ikiwa na mtu.

Nilikaa katikati, mzee uani, Janepher amepiga magoti nyuma ya mlango, uso umeelekea ukutani. Nikapeleka ombi la kuku.

"Kuku hapana," mzee akasema. "Kuku ni ya mke amezaa. Huyu amezaa?"

"Afande, mume yuko Ulaya. Atazaa na nani?"

"Mimi nauliza wewe amezaa ama hapana." Akapunguza sauti ya redio. "Lakini Kampala nitakwenda. Kusema mbele ya wakubwa mimi najua. Ambia yeye asiogope."

Nikageuka kumwambia, nikamkuta analia kwa furaha, mkono mdomoni. Nami nikamwona mzee kuwa mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini ukiwa umevaa nguo yako nzuri huwezi kuanza kuikagua.

Tulikwenda watatu. Ukumbi wa ubalozi ulikuwa na madirisha ya kioo na mabenchi nyuma yake, kila mtu akisikia siri za mwenzake. Janepher alikaa benchi la mwisho, mgongo kwa mzee. Ofisa alikuwa kijana mwenye sura ya mtu anayetaka kukubali aende kula. Karani mmoja Mganda wa palepale ubalozini alitafsiri.

"Anauliza, mzee, ni kweli kwamba kwa mila yenu mke wa mwanao hawezi kutaja jina lako?"

Mzee akasimama wima, mikono ubavuni.

"Hapana. Mila hiyo hakuna."

Karani akatafsiri. Ofisa akauliza tena, polepole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka mtaro.

"Zamani ilikuwa," mzee akasema. "Wakati wa babu. Sisi sasa ni Wakristo. Mke wa kijana yangu anaweza kutaja mimi hata mara mia. Kama hajui jina, basi hajui."

Niliinuka nikasema anadanganya. Askari wa mlangoni akanikalisha. Ofisa alikuwa amekwisha kuandika. Nilitazama benchi la nyuma: Janepher alikuwa hajageuka. Angeweza kugeuka wakati ule. Jina lilikuwa maneno mawili, kioo kilikuwa hatua chache tu mbele yake, na mwenye jina alikwisha kusema ruhusa ipo. Mdomo wake, niliouona kwa ubavu, ukafunguka, ukafungwa. Bibi yake wa Buwenge alikuwa amekufa miaka mingi, lakini siku ile alikuwa amekaa naye pale benchini.

Nje nilimkamata mzee mkono wa koti.

"Afande, kwa nini?"

"Mama ya Conrad nani ataosha?" akaniuliza. "Wewe?"

Alisema bila haya, kama anataja zamu. Kisha akaniagiza nimwambie Janepher anunue maji ya kunywa njiani. Janepher akanunua, akanipa mimi nimpe.

Rufaa ikaenda Ulaya, ikalala, ikarudi imekataliwa. Waliandika kwamba baba wa mume mwenyewe amekanusha. Wakili Nasif alisema hapo hapana tena pa kushika. Janepher hakuwa na cherehani ya kurudia Jinja. Akahamia Mbale, chumba cha nyuma kwa mzee, na kazi yake ikawa ile aliyotengewa. Aliendelea kupiga magoti nyuma ya mlango. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mzee amekosa, lakini jina halijakosa.

Mwaka wa 1997 mimi nikiwa nimehamishiwa gereza la Mbale, Conrad alikuja likizo. Alikuwa amenenepa, amevaa koti ambalo Mbale haina baridi yake. Janepher alisuka nywele. Siku ya tatu Conrad alimwita mbele ya baba yake na mimi nikiwapo, akamwambia kwamba amekwenda mahakamani kuivunja ndoa.

"Kwa kosa gani?" nikauliza mimi.

"Hakuna kosa, dada. Hata Wazungu walisema siyo ndoa. Iko kwa barua yao."

Aliichukua barua ile iliyomnyima mkewe viza, akaigeuza kisu. Na mwanamke mwingine alikuwa tayari, Brendah, msichana wa mjini Mbale aliyesomea ukarani. Janepher aliambiwa abaki kwa mama mgonjwa, kazi yake iko. Mgonjwa mwenyewe, kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki, alisema neno kwa Kigisu ambalo mumewe na mwanawe walijifanya hawakulisikia.

Jumapili iliyofuata Brendah aliletwa nyumbani, kwa kuwa mwezi ule ule alikuwa na mahojiano ya viza Kampala. Nilikwenda kwa ajili ya Janepher. Nilimkuta jikoni ananyonyoa jogoo mwekundu.

"Kuku ya nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ya kufungua mdomo," akasema. "Ya Brendah."

"Brendah amezaa?"

Alimchoma manyoya madogo juu ya moto, akamkata, akamtia chumvi. Kutoka uani tulimsikia mzee akimfundisha yule msichana. Sema tena. Usiangalie chini, Wazungu hawapendi mtu wa kuangalia chini. Na Brendah akalisema jina lote, akacheka, watu wakapiga makofi.

Chakula kilipoiva Janepher alikitia kwenye sahani. Nilinyoosha mikono nikipeleke mimi kama siku zote, akanipita. Alitoka uani, hakupiga magoti. Alisimama mbele ya baba mkwe wake, akamwangalia usoni, mara ya kwanza tangu aolewe, na akasema kwa sauti ambayo hadi leo sijasikia mwanamke mwingine akiitoa:

"Geresom Gidudu. Chakula yako hii."

Wanawake wazee wakaziba midomo. Mmoja akajifunika kanga kichwani. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilimngoja mzee aanguke, apige kelele, ararue shati.

Mzee aliipokea sahani. Akachagua paja, akauma, akatafuna. Akawageukia wageni.

"Mnaona?" akasema. "Mimi niliambia wale watu Kampala. Anaweza."

Na akaendelea kula.

Usiku Janepher alilala kwangu, kwenye nyumba za askari, kabla ya kuondoka kwenda Buwenge. Hatukuwasha redio. Mende alitoka chini ya kabati akapita katikati ya sakafu. Nilinyanyuka kwa mazoea, maana hiyo ilikuwa kazi yangu tangu Mafubira, lakini yeye alikwisha kuvua kandambili.

"Mdudu," akasema, akampiga. Yule alikwisha kufa, naye akampiga tena. "Mdudu. Mdudu." Nilimwacha aendelee.