Katani Kinywani mwa Devota

Mwaka tisini na tano, nyumbani kwa Ditram hapo Kimamba, taarifa ya habari ikiisha redio ilizimwa na kila mtoto aliulizwa amesikia nini na anaonaje. Ditram alisafisha katani kiwandani mpaka mashine ziliposimama. Sasa alilima mahindi kwenye shamba la mkonge lililoachwa, na watoto wake walizoea kubishana naye bila kuchapwa.

Kwa hiyo bintiye Devota, wa darasa la saba, alimnyooshea mkono Mwalimu Melkizedek darasani.

"Mwalimu, shamba la mkonge kauziwa nani? Na sisi tunaolima mle tutakwenda wapi?"

"Siasa si mambo ya watoto," alisema Melkizedek, mwalimu wa uraia. "Funga mdomo."

Devota aliufunga. Swali likatoka hivyo hivyo pembeni mwa midomo, likiwa nyuzi za katani, nyeupe na ndefu. Mwalimu alimwambia asichafue sakafu. Wiki ile wenzake nao waliuliza, wakanyamazishwa, wakatoa nyuzi zao.

Nyumbani Ditram alizipitisha nyuzi vidoleni.

"Daraja la kwanza hii, mwanangu."

"Baba, niendelee kuuliza?"

"Uliza. Siku ya kukabidhi shamba mgeni rasmi akija, muulize yeye mwenyewe."

Katani yote ilichukuliwa na shule. Wanafunzi waliisokota kamba kwenye kipindi cha stadi za kazi, wakasifiwa.

Siku ya kumkabidhi mnunuzi shamba, masomo yalifutwa kama kawaida na watoto wakapangwa juani kuimba. Kamba ile ile ilifungwa kwenye nguzo kuwazuia wananchi. Mahindi ya Ditram, yaliyokwisha kubeba, yalikuwa upande wa pili pamoja na tingatinga. Inatia uchungu hata kusimulia: watoto walisokota kizuizi cha wazazi wao, na watu wazima wenye akili timamu wakawapigia makofi.

Mgeni rasmi aliuliza kama kuna mwenye swali. Devota alinyoosha mkono, akafungua mdomo, katani ikachomoza. Mwalimu Melkizedek alikuwa ameshasimama kando yake na mkasi. Akaikata katani pale pale mdomoni.

"Hakuna swali, mheshimiwa."

Mgeni akaipongeza shule kwa nidhamu. Tingatinga likaingia kwenye mahindi. Ditram aliivuta kamba kwa mikono miwili, lakini katani safi namna ile haikatiki.

Jioni redio ilisema wananchi wamefurahi. Ditram akaizima.

"Devota, umesikia nini? Unaonaje?"

Siku zote nyumbani alijibu kwa sauti. Safari hii ilitoka katani. Mama yake, Raheli, akamsogezea kikapu.