Mtu wa Pili kwenye Chumba cha Seva

Jumanne ya tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Wakubwa wa hospitali wao husema ni Alhamisi, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku seva ya saba ilipozima na simu zikaanza kulia ofisini kwao. Fundi Baridi hakubali. Alhamisi nyumba ilianguka tu, lakini nguzo iling'olewa Jumanne, na yeye alikuwepo, kasimama wima, karatasi mkononi.

Jina la Fundi Baridi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na hospitali, maana kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa viyoyozi vya chumba cha seva: kusafisha vichujio, kumwaga maji ya ndoo, kuandika nyuzi za joto kwenye daftari kila baada ya saa mbili. Shule aliiacha darasa la sita. Kusoma anajua, na zile herufi za mashine anazitambua moja moja, kama unavyozitambua sura za wapangaji wenzako bila kujua wanavyoishi ndani.

Chumba chenyewe kina seva kumi na mbili, kwenye makabati mawili marefu. Fundi wa mitambo, bwana mmoja wa miaka arobaini anayeitwa Kobe kwa jinsi anavyochapa polepole na kurudia kutazama, aliwahi kumweleza. Alisema zote kumi na mbili ni stoo moja. Daktari akifungua picha ya mgonjwa haoni seva ya tatu wala ya tisa, anaona stoo. Kila picha hukatwa vipande, na kila kipande huwekwa mara tatu, kwenye seva tatu tofauti. Seva moja ikifa, kipande kina ndugu zake wawili hai, na daktari hajui hata kama kulikuwa na msiba. Fundi Baridi alielewa vizuri. Jioni ile alimsimulia mkewe, na mkewe akasema afadhali hizo picha, yeye ana ndugu saba na akiugua haji hata mmoja.

Stoo ile haiendeshwi kwa kubofya vitu vya rangi. Ni skrini nyeusi, unaandika amri kwa mkono, mstari mmoja, unabonyeza enta. Ukikosea haikuambii pole. Kwa hiyo waliofunga mitambo waliacha kanuni, imebandikwa mlangoni mpaka leo: amri yoyote ya kubadili stoo haiingizwi na mtu mmoja. Wa kwanza huchapa, kisha huisoma kwa sauti, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Wa pili hushika karatasi ya maagizo, akafuatisha kwa kidole. Vikilingana husema sawa. Hapo ndipo enta hubonyezwa, na wote wawili hutia saini kitabuni.

Mtu wa pili alikuwa mhandisi mwanamke waliyemwita Dada Mkubwa. Ulimi wake uliogopwa hadi ofisi ya mkurugenzi. Yeye hakuishia kulinganisha herufi, aliuliza. Nani kaagiza? Kwa nini leo? Kikienda kombo tunarudije? Mwaka juzi wakubwa wakakata shauri kwamba watu wawili kwa kitufe kimoja ni anasa, mkataba wake ukaisha wasiuhuishe. Kanuni ikabaki mlangoni. Kobe aliandika barua tatu kuomba mtu wa pili. Akajibiwa mara moja, mistari miwili, kwamba atumie mtumishi yeyote aliye karibu.

Aliyekuwa karibu alikuwa mtu wa viyoyozi.

Mwanzoni Fundi Baridi alijisikia fahari, tusidanganyane. Mkewe alimcheka kweli. "Kumbe nimeolewa na mhandisi," alisema. "Na unalipwa kwa kusema sawa? Mbona mimi nakuambia sawa miaka thelathini bure?" Akamfulia koti lile la kazi kwa sabuni ya unga mara mbili, kola ikang'aa.

Mwezi ule wa tatu mkewe hakuwa na nguvu ya kufua. Mshipa mkubwa wa tumboni ulikuwa umevimba, na daktari mpasuaji alikuwa ameufuatilia kwa picha kwa miaka mitatu. Picha ya mwisho, iliyochukuliwa wiki mbili kabla, ndiyo ilimwonyesha apite wapi na asiguse wapi. Akapanga upasuaji Ijumaa ya tarehe kumi na saba. Mama akalazwa wodini Jumatatu, ghorofa ya tatu, kitanda cha dirishani.

Jumanne asubuhi ikaja karatasi chumba cha seva. Stoo ilikuwa imejaa kwa asilimia tisini na moja. Diski mpya Kobe alikuwa ameziomba mwaka mzima, na badala ya diski ndiyo ikaja hiyo karatasi. Ilisema picha za zamani, zilizopita miaka kumi, zipunguzwe nakala kutoka tatu hadi moja ili nafasi ipatikane. Chini kulikuwa na mstari wa amri, tayari umechapwa na mtu. Saini hapakuwa. Palikuwa na muhuri wa utawala tu, tena umekaa upande.

Kobe akaichapa. Akaisoma. Badili nakala. Kistari, kistari, idadi, moja. Kistari, kistari, na vyote vilivyomo ndani. Kistari, kistari, usiulize tena. Halafu jina la folda. Hapo akarudia kuitazama.

"Mzee wangu," alisema, "hii folda mbona iko juu sana?"

Fundi Baridi alitazama karatasi, akatazama skrini. Herufi zililingana, hata mkwaju wa mwisho, kile kistari cha mshazari, ulikuwepo. Hakujua kwamba folda iliyoandikwa pale haikuwa ile ya picha za zamani, bali folda mama iliyo juu yake, yenye kubeba za zamani na za jana na za asubuhi ile. Alichojua ni kwamba saa ya ukutani ilisema nne na dakika kumi na nane, kwamba wodini mlango hufunguliwa nne na nusu na kufungwa saa tano na dakika kumi, na kwamba mkewe hakulala usiku kwa hofu.

Kobe alinyanyua simu, akapiga utawala. Ikalia weee, hapana wa kupokea. Akairudisha. Akasema labda wangoje.

"Karatasi ndivyo inavyosema, mdogo wangu," alisema Fundi Baridi. "Waliotuletea ndio wanaojua. Bonyeza, nimwahi mama watoto."

Kisha akasema sawa, kwa sauti ile ya kanuni, na Kobe akabonyeza.

Aliporudi kutoka wodini, saa tano na robo, alimkuta Kobe kasimama katikati ya chumba, shati limemganda mgongoni ndani ya baridi ile. Nafasi iliyojaa ilikuwa imeshuka kutoka tisini na moja hadi thelathini na moja. Stoo ilikuwa imefuta nakala mbili za kila kitu. Kobe alikuwa amechapa amri ya kurudisha tatu, ipo kwenye skrini, lakini hakuibonyeza. Alikuwa akimngoja mtu wa pili. Wakaisoma, wakalinganisha na karatasi aliyoiandika Kobe mwenyewe, wakabonyeza. Kobe akaandika barua kwa utawala siku hiyohiyo kueleza kilichotokea. Tatizo ni kwamba kufuta ni kazi ya dakika, na kunakili upya kulihitaji siku tano. Alhamisi, siku ya pili, seva ya saba ikafa na diski zake, na kila kipande kilichokuwa huko bila ndugu kikaenda nayo. Picha iliyokosa kipande kimoja haifunguki.

Ijumaa mpasuaji alifungua stoo, akaambulia mraba mweusi. Mashine ya kupiga picha mpya ilikuwa mbovu tangu wiki ile, inangoja kipuri. Daktari alisema hawezi kukata gizani, na Fundi Baridi hamlaumu kwa hilo. Wakangoja kipuri. Jumapili ya tarehe ishirini na sita, mchana, wakati binti yao mkubwa, ambaye ni fundi cherehani, anampaka mama yake mafuta miguuni, mshipa ulipasuka.

Fundi Baridi alizika. Tangu siku hiyo nyumbani hakuna kauli nyingine. Wamemuua mama yenu, huwaambia watoto. Wamemfukuza aliyejua kuuliza, wakamweka mtu wa ndoo, kwa kuwa walitaka kubana matumizi. Na ni kweli, hakuna hata neno moja la kutia chumvi hapo. Binti yake humsikiliza akiwa amekaza uzi mdomoni, macho mekundu. Kuhusu ule mshangao wa Kobe juu ya folda, na ile simu iliyolia bila kupokewa, na nani alisema bonyeza, baba hajawahi kumwambia.

Kamati ya uchunguzi ilikaa mwezi wa tano, ukumbi wa mikutano, meza ndefu yenye chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyeletwa kutoka nje ya hospitali, mpole, anayeandika mwenyewe kwa kalamu. Binti alikaa nyuma ya baba yake.

Wakubwa walianza na viyoyozi. Labda seva ya saba ilikufa kwa joto. Fundi Baridi alitoa daftari: nyuzi kumi na tisa, kumi na tisa, kumi na tisa, wiki nzima. Mama mwenyekiti akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa na kusema angependa ofisi nyingine zitunze kumbukumbu namna hii. Ikafuata karatasi. Jalada lilikuwa na kila kitu isipokuwa hiyo karatasi. Mkuu wa utawala, mtu wa tai, alisema ofisi yake haikumbuki kuitoa, na kwamba muhuri hukaa mezani, yeyote anaweza kuushika. Mwenye kosa, alisema, ni aliyechapa bila kufikiri. Kanuni ipo mlangoni, wa pili alisema sawa kwa sababu alipewa mstari huo mbele yake, wa kwanza ndiye mtaalamu. Akapendekeza Kobe afutwe kazi na ashtakiwe.

Kobe alipoulizwa alieleza yote kwa utaratibu wake wa kikobe. Stoo kujaa, barua za diski, barua za mtu wa pili, barua ya Jumanne, amri, enta. Pale pa kusita alipapita kama mtu anayeruka kidimbwi. Hakutaja folda wala simu. Asubuhi ile kwenye ngazi Fundi Baridi alikuwa amemshika mkono akitaka kusema kitu, na Kobe akamwahi: "Mzee wangu, umeshazika. Inatosha."

Sasa Fundi Baridi amekaa. Akifungua mdomo, yule wa tai atarukia hapohapo: haya, mumsikie, ni yeye aliyeharakisha, tena kwa shughuli zake binafsi. Hapo karatasi isiyo na saini itasahauliwa, na kiti cha Dada Mkubwa kitasahauliwa, na waliofanya hesabu ya kubana wataenda nyumbani kula. Na nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, yupo binti aliyemwosha mama yake kwa mikono yake. Asipofungua, Kobe ataandikwa kwenye kitabu kuwa ni mtu anayebonyeza chochote anacholetewa. Ana watoto watatu huyo, na katika chumba kile, Jumanne ile, ni yeye peke yake aliyeuliza.

Mama mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Alisema jambo moja halimwingii akilini. Amesoma kitabu cha saini cha miaka minne. Bwana huyu anayeitwa Kobe amewahi kusimamisha kazi nusu siku kwa ajili ya folda tupu. Mtu wa namna hiyo hapitiwi. Kisha akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, bila hasira.

"Nawauliza mliokuwa chumbani," alisema. "Kabla enta haijabonyezwa, kuna aliyetaka mngoje? Na kama yupo, nani alimwambia aendelee?"