Antena za Mzee Kasiani

Nina miaka kumi na moja natengeneza laptop hapa Morogoro mjini, na sipendi kufundishwa kazi. Kwa hiyo Mzee Kasiani aliposhuka kutoka Nyandira, milimani, na laptop ndani ya kiroba, akatoa kadi mpya ya waifai na antena mpya, akasema, "Mwanangu Mwanvita, badilisha vyote viwili, mwalimu wa misheni kasisitiza," nilikasirika. Fundi nani, mimi au mwalimu?

Akanieleza shida yake. Veronika, mtoto wa marehemu dada yake, yuko India anasubiri upasuaji wa moyo. Kesho yake, Ijumaa saa tisa, atapiga kwa video, mjomba ambariki ndipo aingie chumba cha upasuaji. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Hilo hata sisi wa mjini tunalijua. Na kule kwa mzee simu haishiki kabisa. Kuna waifai ya misheni tu, ng'ambo ya bonde, nayo inafika kwake kwa shida.

"Ondoa shaka, baba. Itashika mpaka uchoke mwenyewe."

Kadi niliiweka kwa dakika kumi. Sasa antena. Zile ni nyaya mbili nyembamba zinazopita kwenye bawaba mpaka nyuma ya kioo, na kuzibadilisha lazima ubandue fremu yote ya kioo. Kazi ya kuchosha! Wateja wamejaa, njaa inaniuma. Niliziona za zamani zimechubuka pale kwenye bawaba, nikasema bora liende. Nikazichomeka hizo hizo, mpya nikazitupia kwenye droo. Nikawasha, ikashika mistari yote. Itaachaje kushika, na ruta iko juu ya kichwa changu? Mafundi wote wa mtaa wetu tunajaribu hivyo hivyo.

"Tayari, mzee," nikamwambia. Alinishukuru mara tatu.

Jumatatu nikafungua droo kutafuta bisibisi, nikaziona zile antena. Nikazitia mfukoni pamoja na bisibisi. Nikafunga duka, nikapanda Nyandira.

Nilikuta watu wamekaa uani kwenye majamvi, nikajua kabla sijaambiwa. Veronika hakuamka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipa pole? Mungu akubariki." Akanishika mkono. "Laptop uliitengeneza vizuri, tatizo milima yetu hii. Nilizunguka nayo shamba zima la karoti, wapi! Haikushika."

Nikaiomba. Nikabandua fremu, nikaweka antena mpya. Ikashika pale pale, misheni ya ng'ambo, safi kabisa. Ujumbe wa Ijumaa saa tisa na nusu ukaingia: "Mjomba, mbona sikuoni? Wananiita. Naingia hivyo hivyo."

Mzee akausoma polepole, kidole kwenye kioo.

"Si milima, baba," nikasema. "Ni mimi. Antena ulizonipa sikuziweka."

"Kwa nini?"

"Uvivu."

Akawaita wanawake jikoni, akawaambia wanipakulie chakula, nimetoka mbali.

Nikala. Yeye alikuwa amerudi mbele ya laptop, anausoma ujumbe ule upya na kuujibu kwa sauti.

"Nipo, mama. Mjomba wako nipo."