Vijiti Kwenye Kope la Elinuru

Uvumi ulimwingia Yusta kichwani msimu wa mapeasi, ukakataa kutoka: hospitalini wanang'oa macho. Mghosi Nikodemo, yule mzee wa Shume, kaenda na macho mawili, karudi na moja. Nani atabisha, na mtu mwenyewe kila soko anaonekana na kitambaa usoni?

Yusta alikuwa na sababu ya kuogopa. Binti yake Elinuru, wa darasa la kwanza, alizaliwa na kope la kushoto limelegea, limefunika nusu ya jicho. Ili aone ubaoni, sharti anyanyue kidevu. Wenzake walimwita Usingizi.

"Mwalimu kasema apelekwe hospitali," Yusta alimwambia mama mkwe wake, Bibi Scholastica. "Lakini mama, mimi roho inakataa. Bora hapa hapa nyumbani."

"Bora hapa hapa," bibi akaitikia, akaendelea kumenya viazi.

Jumamosi Yusta aliteremka kutoka Magamba kwenda kuuza kabichi Lushoto. Aliporudi, mtoto alikuwa ameketi jikoni, shingo imekakamaa. Ngozi ya kope ilikuwa imevutwa, ikabanwa katikati ya vibanzi viwili vya mwanzi, vikafungwa uzi pande zote. Jicho limekodoka, jekundu, halipepesi, linachuruzika machozi.

"Mama, bibi kasema nisiviguse mpaka vidondoke vyenyewe."

Yusta alimkimbilia mtoto.

"Unashangaa nini?" bibi alisema. "Mimi mwenyewe nilibanwa hivyo. Kope zilikuwa zimegeukia ndani, zinanichoma kama sindano. Ngozi ikafa, ikaanguka na vijiti vyake, kope zikatazama nje. Si naona mpaka leo? Na wewe si ulisema hapa hapa nyumbani?"

Alisema, kweli. Ndilo lililomkata maini. Alishika wembe akate uzi. Akaogopa kumkata jicho, akautupa. Akambeba mtoto vilevile na vijiti vyake, akasimamisha bodaboda.

Hospitalini, Daktari Lusajo alipomwona mtoto hakusalimia hata. Aliita mkasi, akakata uzi taratibu. Ngozi ilikuwa nyeusi kama zambarau.

"Bado ina uhai," alisema. "Ungelala naye hivi nyumbani, ingekufa."

"Lakini bibi yake alipona, daktari."

"Bibi alikuwa na ugonjwa mwingine, mama. Kope zake ziliingia ndani. Zamani walibana ngozi hivyo. Siku hizi tunapiga sindano ya ganzi, tunachana kope kwa ndani, tunageuza ukingo utazame nje, tunashona. Wa mtoto huyu ni msuli hauna nguvu. Ukimpunguzia ngozi humwinulii kope, unamnyima la kufumbia jicho."

Kwenye benchi alikuwepo mzee mwenye kitambaa, amekuja kupimwa jicho lililobaki. Yusta alimtambua, akamsogelea.

"Shikamoo mghosi."

"Marahaba. Ni vijiti, eti?" Nikodemo aliuliza. "Hata mimi ni vijiti. Shangazi alibana ngozi nyingi mno. Jicho likawa halifumbi, nalala limetazama paa. Likakauka, likatoka kidonda, likapasuka niko shambani. Hawa walitoa kilichooza tu. Watu wakasema wameling'oa!"

Yusta alimtazama mzee, akamtazama mwanawe. Kile alichokikimbia hospitalini kilikuwa kimemsubiri jikoni kwake.

Uvimbe ulipokwisha, Elinuru alichomwa nusu kaputi, kope likaunganishwa kwa uzi maalumu na msuli wa paji la uso. Usiku wa kwanza alilala jicho likiwa wazi kidogo. Yusta akakurupuka kumwita nesi. Nesi akacheka: "Ndivyo linavyoanza, mama. Paka dawa hii ya mafuta lisikauke." Asubuhi mtoto alimwangalia mama yake uso kwa uso, kidevu chini.

Basi wewe mwenye mtoto wa kope bovu, acha haya:

Usibane kope kwa vijiti, uzi wala kibanio cha nguo.
Usikate ngozi ya kope kwa wembe.
Usimtibu mtoto kwa dawa iliyomponya bibi kabla hajapimwa.
Usitie jichoni maji ya majani, maziwa wala mkojo.
Usimwache mtoto alale jicho wazi bila kumwambia daktari.
Usisambaze habari ya jicho la mtu kabla hujamuuliza mwenyewe.
Usiseme "bora nyumbani" mbele ya mwenye mwanzi.