Karatasi Mbele ya Mama Mukwe

Mara tatu! Mara tatu Félicien amenitoroka, na mimi huissier, mpeleka karatasi za tribinali, nimebaki na vumbi la bandari ya Kalundu kwenye viatu. Mara ya kwanza, sijamjua sura bado, nilimuuliza yeye mwenyewe, uso kwa uso, "Félicien iko wapi?" Akanijibu, "Alipanda milimani, kule Lemera." Nikamshukuru! Mjinga mimi.

Leo nilikuwa na hasira, na hofu pia. Consolée, mjane wa marehemu mdogo wake Félicien, anafukuzwa na shemeji huyo kwenye shamba la Nyakabere, pale pale alipomzika mumewe. Hakimu alisema karatasi ifike mkononi mwa Félicien leo, kabla ya saa kumi na mbili jioni. La sivyo kesi inafutwa, na kesho wanunuzi wa Félicien wanakuja kupima shamba.

Zikiwa zimebaki dakika kumi, nikamkuta bandarini, mguu mmoja ndani ya boti, mashine inanguruma.

"Félicien!"

"Weye muntu, unanifananisha."

Wapakuzi wakacheka. Nimshike shati? Sheria hainiruhusu kumgusa.

Mara boti kutoka mji wa Baraka ikafika, akashuka mama mzee na kikapu cha ndizi.

"Félicien, mkwe wangu! Umekuja kunipokea?"

Haki ya Mungu, nilimwona akinywea. Kwetu mwanaume hakimbii mbele ya mama mukwe, hapandishi sauti, wala hakatai kitu anachonyooshewa. Akavua kofia, akarudisha mguu nchi kavu. Nami nikanyoosha karatasi haraka.

Akaitazama tu. Zimebaki dakika nne.

"Mkwe, muntu anakupa kitu, unamuacha na mkono hewani?"

Akaipokea kwa mikono miwili. Nikampa kalamu, akasaini.

"Iko ya nini?" mama akauliza.

"Mambo ya tribinali tu, mama."

"Soma, nisikie."

Akasoma kwa sauti ndogo: Consolée, mjane, analalamika kufukuzwa kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Alipofika kwenye jina la mdogo wake, akakwama.

Mama akaweka kikapu chini.

"Na binti yangu Marie-Rose," akasema, "siku ukifa weye, nani atamufukuza?"

Félicien akainua kikapu cha mama. Mwenye boti alimwita mara mbili, kisha akaondoka bila yeye.